Malkia wa Kifungoni Ana Thamani Gani?

Tarehe 16 Novemba 2003, jijini New York, Garry Kasparov alicheza sataranji bila kugusa kete hata moja. Alivaa miwani maalumu iliyomwonyesha ubao ukielea hewani, akataja hatua zake kwa mdomo, na programu iitwayo X3D Fritz ikawa inamjibu. Ulikuwa mchezo wa tatu kati ya minne. Wa pili alikuwa amefungwa.

Safari hii aliamua kujenga ukuta. Kufikia hatua ya 12 vitunda, wale askari wa mstari wa mbele, vilikuwa vimekabana jozi kwa jozi: vya Mweupe kwenye b6, c5, d4 na e3, vya Mweusi kwenye b7, c6, d5 na e4. Hakuna kilichoweza kusonga, kila kimoja kimeziba pua ya mwenzake. Hatua nne baadaye farasi wa Kasparov akala kitunda pembeni, kwenye a5. Kisha mfalme wake akaanza matembezi: d1, c1, b2, mpaka a1, taratibu, kama mzee anayehamisha kiti kufuata kivuli.

Na mashine? Askofu wake alitoka e7 kwenda d6, akarudi e7. Mfalme wake akaenda kujibanza kwenye kona ya h8, akarudi g8, akaenda tena h8. Mwanafunzi yeyote aliyefunzwa vizuri angesukuma kitunda cha f7 hadi f5, kisha f4, avunje ukuta upande ule aliokuwa na nguvu. Hakikusukumwa. Waendeshaji wa mashine walipokubali kushindwa, kwenye hatua ya 45, vitunda vya f7, g7 na h7 vilikuwa palepale vilipopangwa kabla mchezo haujaanza.

Mchezo ule bado unabishaniwa, na ubishi huo tuukalishe mezani. Mwalimu ni mzee aliyefundisha sataranji kwa ubao wa mbao kabla ya simu kuingia mifukoni. Fundi ni dada anayeandika programu. Kijana ni mchezaji wa klabu ambaye simu haimtoki mkononi. Hao watatu tumewatunga; michezo wanayoigombania ilichezwa kweli.

“Shikamoo Mwalimu,” Kijana akaanza, hata kiti hajakivuta. “Programu inaniambia niko mbele kwa alama mbili na nusu. Nimezunguka ubao mzima, sioni pa kupita. Nani kati yetu ni kipofu?”

“Marahaba. Kipofu ni hiyo simu,” Mwalimu akajibu. “Inahesabu kete kama mwenye duka anavyohesabu magunia. Haiulizi kama gunia liko dukani au limefungiwa kwenye ghala ambalo ufunguo wake anao jirani.”

“Niwie radhi, Mwalimu,” Fundi akasema, “hiyo unayoisema ni mashine ya mwaka 1950.”

Mwaka huo hakuutoa hewani. Mnamo 1950 Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha makala iliyoeleza jinsi kompyuta ingeweza kucheza sataranji. Kanuni yake ya kupima mkao wa kete ilikuwa fupi kiasi cha kuandikwa kwenye kiganja. Malkia alama 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, kitunda 1. Mfalme akapewa 200 ili asije akauzwa. Nusu alama ilikatwa kwa kila kitunda kilichopangana nyuma ya ndugu yake, kilichoachwa nyuma, au kilichobaki mpweke. Mwishoni Shannon akaongeza sehemu moja ya kumi ya alama kwa kila hatua halali ambayo upande unaweza kuicheza.

Kufungiwa kulipimwa hapo tu, kwenye ile sehemu ya kumi. Askofu aliye katikati ya ubao mtupu ana hatua 13, kwa hiyo anaongezewa 1.3. Askofu asiye na pa kwenda haongezewi kitu, lakini zile 3 zake za kuzaliwa haziguswi. Kwenye daftari la hesabu, mfungwa analipwa karibu mshahara wote.

Mwalimu hakuhitaji kompyuta kuonyesha ubovu wa hesabu hiyo. Alipanga mkao kutoka Hastings, Uingereza, mwaka 1919, José Raúl Capablanca akicheza na William Winter. Kwenye hatua ya 12 askofu wa Winter alirudi g3. Mbele yake palijengwa ukuta wa vitunda vya Mweusi vya e5, f6 na g5. Nyuma yake kitunda chake mwenyewe cha f2 kikamziba. Kila upande ulikuwa na ngome mbili, askofu mmoja na vitunda vinane. Sawasawa kabisa. Capablanca akahamia upande wa pili wa ubao, akafungua njia za ngome zake huko, na kwenye hatua ya 29 Winter akakubali kushindwa. Askofu wa g3 alikuwa bado yuko g3.

“Sasa niambie, mwanangu,” Mwalimu akamgeukia Fundi, “huyo askofu alikuwa na thamani ya 3?”

Fundi hakuikimbia hoja. Alisema mashine haikai ikatazama mkao mmoja na kutoa bei. Inapekua: inacheza hatua hii, jibu lile, hatua nyingine, jibu jingine, na bei inatolewa mwisho wa kila njia. Capablanca alipokula kitunda upande wa pili, mashine yoyote ya leo ingekiona kitunda hicho kikianguka mapema, na ingejua kwamba askofu wa g3 hafiki kukiokoa. Kufungiwa kwake kungeonekana kwenye hasara, hata kama hakuna sheria iliyoandikwa kumhusu.

Akaleta ushahidi wake: New York tena, Mei 1997, Deep Blue ya IBM, iliyokuwa ikipekua mikao ipatayo milioni 200 kwa sekunde. Mchezo wa pili, uliochezwa tarehe 4, ulikuwa wa kubanana vilevile. Watu walitarajia malkia wa mashine aingie b6 kuokota vitunda, maana kompyuta zilijulikana kwa tamaa. Ikabadilishana vitunda kwenye b5, na kwenye hatua ya 37 ikamweka askofu e4, ikaziba upenyo pekee ambao Kasparov angeutumia kujibu mapigo. Kasparov alishtuka mpaka akashuku kwamba binadamu aliingiza mkono. Akakubali kushindwa kwenye mkao ambao wachambuzi, muda mfupi baadaye, walionyesha njia ambayo huenda ingempa sare. Aliyemchanganya ni mashine iliyokataa kula.

“Basi 1997 ilijua, na 2003 ikasahau?” Kijana akauliza. Swali zuri kuliko alivyodhani.

Jibu la Fundi lilipitia kwa Hans Berliner, ambaye mnamo 1973 alilipa jina tatizo la upeo wa macho. Mashine huona hatua kadhaa mbele, halafu kuna mstari ambao ng’ambo yake ni giza. Kama faida iko ng’ambo ya mstari na gharama iko upande huu, mashine itaona gharama tu. Kwenye mkao ulio wazi mambo hutokea haraka: kete zinagongana, mtu anakula, mtu analiwa, na yote yamo ndani ya upeo. Kwenye mkao uliofungwa mpango mmoja unaweza kuchukua hatua 15 za maandalizi ambazo hazigusi kitu. Farasi anarudi nyuma ili kitunda kipite, ngome inasogea nyuma ya kitunda, mfalme anasimama pembeni, ndipo kitunda kinasukumwa. Zaidi ya hapo, programu za enzi hizo zilikuwa na sheria ya kulinda ukuta ulio mbele ya mfalme. Kusukuma kitunda cha f7 kulikatwa alama leo, malipo yakawa keshokutwa. Mashine ikamzungusha askofu, bure, kwa sababu kuzunguka hakukatwi chochote.

Hapo Kijana akacheka, akatoa mkasa anaoupenda. Mnamo 2008 Hikaru Nakamura alicheza mtandaoni, mchezo wa dakika chache, na Rybka, programu iliyokuwa tishio la wakati huo. Aliufunga ubao mzima kwa vitunda, akatoa hata kete ili ukuta usipasuke, kisha akaanza kusogeza kete huku na huku. Rybka kwa hesabu zake ilikuwa mbele. Lakini sataranji ina kanuni ya hatua 50: zikipita hatua hizo kwa kila upande bila kitunda kusogezwa wala kete kuliwa, sare inaweza kudaiwa. Anayejiona yuko mbele hataki sare. Kwa hiyo, sare ilipokaribia, Rybka ikaufungua ukuta yenyewe, kwa hatua mbovu. Mchezo uliisha kwenye hatua ya 271, Nakamura mshindi, akiwa amepandisha vitunda vyake kuwa maaskofu pale ambapo kila mtu huchukua malkia. Hiyo ilikuwa kejeli, na ilimfikia aliyekusudiwa, kama programu inaweza kukejeliwa.

Katika mifano yote ya mezani, huu ndio unaofaa kutazamwa mara mbili. Rybka haikukosea kuhesabu kete, maana kete za ziada ilikuwa nazo kweli. Kosa ni kwamba hesabu ile iliifanya idharau kilichokuwa kinailinda.

“Mmefanya nini baada ya aibu hiyo?” Mwalimu akauliza.

Mafundi walifanya mengi, na kwa kuwa programu ya Stockfish ni ya wazi, kila mtu anaweza kusoma walichofanya. Kwa miaka mingi ndani yake mlikuwa na sheria zilizoandikwa kwa mkono. Askofu alikatwa alama kwa kila kitunda cha upande wake kilichosimama kwenye miraba ya rangi yake, na makato yakaongezeka vitunda vya katikati vikiwa vimezibwa. Ngome iliyobanwa kona na mfalme wake mwenyewe ilikuwa na adhabu yake, kubwa zaidi ikiwa mfalme ameshapoteza haki ya kubadilishana nayo nafasi. Katika kuhesabu uhuru wa kutembea, mraba unaolindwa na kitunda cha adui haukuhesabiwa, kwa sababu mlango wenye mbwa si mlango. Na hatua zilivyozidi kupita bila kitu kutokea, alama yenyewe ilipunguzwa kidogo kidogo kuelekea sifuri, ili mashine ianze kunusa sare kabla haijafika.

Programu nyingi zilikuwa pia na sheria ya askofu mlafi. Yule anayeruka kula kitunda cha pembeni kabisa, kisha kitunda cha jirani kinapiga hatua moja na kumfungia humo. Robert Fischer alifanya hivyo Reykjavik mnamo Julai 1972, mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa wa dunia na Boris Spassky: askofu akala h2, Spassky akasukuma g3, mlango ukafungwa, na Fischer akapoteza mchezo.

“Viraka,” Mwalimu akasema. “Kila mkipata aibu mnashona kiraka.”

“Ndiyo, Mwalimu. Na viraka vyote tumevitupa.”

Mwaka 2017 AlphaZero ya kampuni ya DeepMind ilijifunza sataranji kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, bila kuambiwa kwamba malkia ni 9 wala askofu ni 3. Matokeo ya michezo 1,000 dhidi ya Stockfish yalitangazwa 2018: ilishinda 155 na kupoteza 6. Michezo yake iliyosifiwa sana ni ile ambamo kete za mpinzani zilisongwa pembeni mpaka kila hatua aliyobaki nayo ikawa ya kujimaliza. Mashine hiyo ilikuwa tayari kutoa vitunda ili tu malkia wa mwenzake akose hewa. Mwaka huohuo wa 2018, Mjapani Yu Nasu alibuni mtandao wa neva mdogo na mwepesi kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Stockfish iliuchukua ubunifu huo kwenye toleo la 12, Septemba 2020, na kwenye toleo la 16.1, mwaka 2024, sheria zote za mkono zilikuwa zimeondolewa. Mtandao hauna bei ya askofu. Unatazama ubao mzima, kila kete na mahali ilipo, na kutoa alama moja. Askofu wa g3 nyuma ya ukuta na askofu wa g3 kwenye uwanda ni viumbe wawili tofauti kwake.

Fundi alipofika hapo alidhani amemaliza. Mwalimu akafuta ubao, akapanga upya polepole. Mfalme mweupe e2. Vitunda vyeupe a2, b3, c4 na c6. Mweusi: mfalme a6, malkia a5, ngome a4 na b5, vitunda a3, a7, b4, b6 na c5. Halafu maaskofu watatu kwenye mshazari mmoja, e5, f4 na g3.

Huu ni mkao uliotolewa Machi 2017 na taasisi ya Roger Penrose, mwanafizikia wa Uingereza aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel 2020, na ambaye kaka yake mdogo, Jonathan, alikuwa bingwa wa sataranji wa Uingereza mara kumi. Programu zilizojaribiwa zilimpa Mweusi ushindi mkubwa. Mkao ni sare.

Tuuchukue kwa kanuni ya Shannon, kwa subira kidogo. Kete za Mweusi: malkia 9, ngome mbili 10, maaskofu watatu 9, vitunda 5. Jumla 33. Mweupe ana vitunda 4. Tofauti 29. Sasa ile sehemu ya kumi ya uhuru wa kutembea, ambayo ndiyo ingetakiwa kuona kifungo: malkia wa Mweusi hana hata hatua moja halali. Ngome zake, sifuri na sifuri. Mfalme wake, sifuri, kwa sababu kitunda cheupe cha c6 kinailinda b7. Vitunda vyake vyote vitano vimezibwa. Ni maaskofu tu wanaotembea, na wana hatua 19. Mweupe ana hatua 7 kwa jumla. Kwa hiyo kanuni inamwongezea Mweusi 1.2 nyingine, kwa sifa ya uhuru! Tafuta mfano mwingine wa kipimo kumpongeza mtu ambaye zaidi ya nusu ya jeshi lake liko gerezani.

Tazama sasa rangi za miraba. Kila kete nyeupe, mfalme pamoja na vitunda, imesimama kwenye mraba mweupe. Maaskofu wote watatu ni wa miraba myeusi. Hawawezi kula chochote, hawawezi kumtishia mfalme anayekanyaga nyeupe tu. Mfalme anatembea kwa mshazari, kwenda na kurudi, hatua 50 zinapita.

“Malkia atatokaje?” Mwalimu akauliza.

Kijana aliinamia ubao kwa muda mrefu, simu imezimika mkononi bila yeye kujua. “Hatoki,” akasema. “Labda Mweupe amfungulie. Kitunda cha b3 kikila ngome ya a4, au cha c4 kikila ya b5, hapo anatoka. Lakini Mwalimu, hapa aliyefungiwa ni Mweusi na mwenye ufunguo ni Mweupe. Kwa Capablanca, mfungwa ni wa Winter na ufunguo ni wa Capablanca. Rybka, ufunguo ilikuwa nao yenyewe, ikafungua.”

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo neno lililokosekana tangu mwanzo wa mjadala. Mwalimu na Fundi walikuwa wakibishana kuhusu bei ya kete iliyofungiwa, kana kwamba kifungo ni ugonjwa wa kete. Kwenye drafti la vijiweni jambo ni jepesi: aliyezibwa asiweze kusogea amepoteza, basi. Sataranji inauliza nani anaweza kulifungua geti, lini, na kwa gharama gani. Farasi aliyezibwa leo na kitunda chake mwenyewe ni farasi mzima kesho. Askofu aliyezibwa na kitunda ambacho adui hatakigusa kamwe ni mzigo. Hatua wanazoweza kupiga sasa hivi zinaweza kulingana kabisa.

Penrose alikuwa ameugusa ukweli huo mapema zaidi. Kwenye kitabu chake cha 1994, *Shadows of the Mind*, alionyesha mkao ambamo Mweupe analindwa na ukuta wa vitunda, na akaeleza jinsi Deep Thought, mtangulizi wa Deep Blue, ilivyokula ngome iliyotegwa. Ilikula kwa kitunda cha ukutani. Ukuta ukapata tundu, na kwa tundu hilo ikashindwa. Yeye alitumia kisa hicho kudai kwamba akili ya binadamu ina kitu ambacho hesabu haikifikii. Hapo Fundi alipinga, na ana haki. Tundu lile halihitaji roho kuonekana. Linahitaji njia ya kutambua kwamba hakuna upekuzi wowote unaobadilisha kitu. Mwalimu akanung’unika kwamba hicho ndicho anachokiita jicho.

“Na mtandao wa neva je? Huu wa Penrose unauona?” Kijana akauliza.

“Mtandao umejifunza kwa michezo inayotokea,” Fundi akasema. “Maaskofu watatu wa rangi moja hutawaona klabuni kwenu mpaka uzeeke. Hapo msaada wake ni mdogo, na upekuzi nao kila ukienda unarudi na habari ileile: Mweusi ana kete nyingi.” Kisha akampa ushauri wa kazi, wa kutumia jioni hiyohiyo. Programu ikisema uko mbele kwa mbili na nusu, usiishie kwenye namba. Cheza njia inayopendekeza, hatua 10, hatua 20, ukitazama namba inakwenda wapi. Ushindi wa kweli unapanda: 2.5 inakuwa 3, inakuwa 5. Boma lisilovunjika linakuonyesha 2.5, na 2.5, na 2.5, huku kete zikizunguka kama askofu wa Fritz kati ya e7 na d6.

“Hata mimi sikuwa na namba, na nilikuwa naona hivyo hivyo,” Mwalimu akasema, safari hii bila ukali. Akauvuta ubao, akachukua Mweupe, akamwachia Kijana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu.

Mfalme f3. Askofu h2. Mfalme e4. Fundi alikuwa na kalamu, kila hatua mstari mmoja kwenye karatasi. Mistari ilipofika 37, Kijana akaomba wabadilishane pande, yeye achukue vile vitunda vinne. Mwalimu akakataa.